Bakuli Lenye Mishono Mitatu

Filamu ilikuwa ya dakika hamsini na mbili, na Inspekta Nyidon alikuwa ameshaitazama mara sita. Mkuu Geng alisimama nyuma ya kiti chake akitafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kiganjani.

"Huyu," alisema, akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye chumvi. "Shahidi wa nne. Wa kwanza alivuka mpaka. Wa pili na wa tatu tunao. Huyu leo siku ya tatu hana jina. Saa kumi na moja jioni nalitaka mezani kwangu."

"Sura imefunikwa, Mkuu. Sauti imeharibiwa."

"Ndiyo maana nimekupa wewe. Ni watu wa kwenu."

Akaondoka. Maganda aliyaacha kwenye meza ya Nyidon.

Filamu ilitengenezwa na Watibeti waishio ng'ambo kuhusu ndugu zao waliobaki nyumbani chini ya Wachina. Mwezi uliopita ilionyeshwa kwenye kumbi za nje. Sasa ilikuwa katika kituo cha polisi cha wilaya, ikitazamwa na Watibeti wawili wanaolipwa mshahara kuitazama.

Shahidi wa nne alikuwa furushi la shali lililoketi kando ya jiko. Mahali pa uso palikuwa na ukungu. Sauti ilikuwa ya chura ndani ya pipa. Hukujua kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa dakika tisa chura yule alieleza jinsi mjukuu wake alivyopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka minne. Mtoto aliporudi likizo aliomba maji kwa Kichina. Mzee hakuelewa. Akampa mkate. Akampa blanketi. Akampeleka chooni. Mtoto alishinda na kiu mpaka jirani aliporudi kutoka malishoni akatafsiri.

Hayo tu ndiyo aliyosema. Lakini shahidi wa pili alizungumza dakika nne, na alipewa miaka saba.

Kando ya Nyidon aliketi Sajini Tobgyal, miaka hamsini na sita, miezi minne kabla ya kustaafu. Mwaka juzi alipata cheti cha utumishi bora kwa kumtaja shemeji yake. Cheti kilitundikwa juu ya dawati lake, na hakuna Mtibeti kituoni aliyesema jambo la maana akiwa karibu na dawati hilo.

"Mimi nasema tuanze na rangi ya ukuta," alisema Tobgyal. "Bluu ile ni ya nyumba za msaada, kijiji cha juu."

"Nyumba mia moja na arobaini."

"Basi chupa ya chai. Nyekundu, yenye ua la waridi."

"Wewe unayo. Mimi ninayo. Mkuu anayo."

"Basi tumkamate Mkuu twende tukale."

Nyidon hakucheka. Alibonyeza kitufe, filamu ikaendelea.

Dakika ya thelathini na moja shahidi alinyamaza. Mkono wenye glovu ulitoka ndani ya shali, ukaokota bakuli la mbao lililokuwa miguuni, ukalipeleka kwenye ukungu. Chai ikanywewa. Kisha bakuli likageuzwa polepole, kama linavyogeuzwa likilambwa, halafu likatiwa kifuani ndani ya mkunjo wa joho. Sekunde tisa.

Wataalamu wa mkoa walikuwa wamepima ukuta, jiko na kivuli cha dirisha, wakaorodhesha vitu arobaini na kimoja. Bakuli lilikuwa namba kumi na saba: "bakuli, mbao, moja." Kwao bakuli ni bakuli. Na hao wa ng'ambo walioficha uso, sauti na hata vidole, nao walikuwa wameliacha lionekane. Wamezaliwa kwenye miji ambako mtu hunywa kwenye glasi na kuiacha mezani. Huku mtu ana bakuli lake. Halinywewi na mwingine, na jirani hulijua kama anavyojua mwendo wa mwenyewe. Kumficha mtu uso ukaacha bakuli ni sawa na kumvisha barakoa ukamwandika jina kifuani.

Nyidon alipeleka mkono kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, akausimamisha hewani. Mashine ilikuwa inaandika kila unaporudisha, dakika na sekunde. Mkuu Geng alisoma maandishi hayo kila asubuhi na chai yake.

Akaiacha filamu iishe.

"Tena," alisema. "Tangu mwanzo."

"Mara ya nane? Dada, makalio yangu yameshageuka kiti."

"Tangu mwanzo, Sajini."

Safari hii alikuwa tayari. Bakuli lilikuwa pana, la kiume. La kike huwa dogo. Mbao yenye macho macho, ya kifundo cha mti. Ubavuni ulikuwepo ufa, na ufa umeshonwa kwa waya wa shaba, mishono mitatu. Alipomtazama Tobgyal kwa pembe ya jicho, alimkuta anapenga kamasi kwenye leso.

"Umeona kitu?" aliuliza Tobgyal, akikunja leso.

"Hapana. Wewe?"

"Nimeona njaa."

Nyidon alisimama, akavaa kofia. "Naenda sokoni kuulizia chupa za chai. Wewe shughulikia rangi za ukuta."

"Peke yako? Utaratibu unasema wawili."

"Utaratibu unasema pia mtu asile karanga juu ya vielelezo."

Simu yake aliiacha mezani, imechomekwa kwenye chaji.

Kitu cha kwanza sokoni alinunua chupa ya chai, nyekundu, akadai risiti yenye saa na tarehe. Kisha akazunguka nyuma ya maduka hadi kwa Fundi Norgye, mshona bakuli. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango wake. Alipoona sare, mzee aliweka nyundo chini na mikono yote miwili juu ya meza bila kuambiwa.

"Leseni ipo ukutani," alisema.

"Sijaja kwa leseni."

Nyidon alichukua kalamu akachora kwenye kiganja chake. Bakuli dogo kama kifungo, na vijistari vitatu ubavuni. Akakifungua kiganja mbele ya fundi, akakifunga.

"Kazi ya nani?"

"Mafundi ni wengi."

"Wilaya hii?"

"Mmoja." Norgye akakohoa. "Lakini nashona mia kwa mwaka, Inspekta. Bwana mwenye hilo simkumbuki."

"Bwana?"

Fundi aliiokota nyundo, akairudisha pale pale.

"Nimechora kitu kidogo hivi, mzee wangu. Sijasema ni pana wala dogo. Umejuaje kwamba ni la mwanamume?"

Mwanamke mmoja alitokea na bakuli lililopasuka mkononi, akaona sare, akaendelea kutembea kana kwamba duka halipo.

"Umenifukuzia mteja."

"Nitakufukuzia wote nikiendelea kusimama hapa. Jina."

Norgye alichukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Samphel. Mchunga yak wa kijiji cha juu. Nilimshonea, akanilipa siagi. Mwandike tu, hutamwumiza. Alikufa mwezi wa pili, siku ya kumi."

"Una hakika na tarehe?"

"Nilikuwa miongoni mwa waliombeba."

Nyidon alitoa daftari, akapekua hadi kwenye nakala ya ripoti ya wataalamu. Kwa kivuli cha dirisha na machipukizi ya mti wa nje, walikadiria filamu ilipigwa kati ya siku ya ishirini ya mwezi wa kwanza na siku ya tano ya mwezi wa tatu. Kwa hiyo marehemu alikuwa na siku ishirini hivi za kuwa hai mbele ya kamera. Ziliweza kutosha. Maiti haifungwi miaka saba.

"Aliacha nani?" aliuliza.

"Una mama, Inspekta?"

"Nimeuliza aliacha nani."

"Mjane. Choezom. Nyumba ya mwisho kabla ya malisho." Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Umeshapata jina la maiti. Huko unakwenda kutafuta nini?"

Nyidon alitia mate kiganjani akasugua mpaka mchoro ukawa doa la buluu.

"Mwingine akija kuuliza, mwambie nilikuja kwa leseni."

"Nitajuaje kama si wewe uliyemtuma?"

"Hutajua," alisema Nyidon, akatoka.

Bibi Choezom alikuwa nje akigeuza samadi ya yak, wale ng'ombe wa mlimani wenye manyoya marefu, juani, mfupi, mpana, miaka sabini na ushei. Hakuacha kazi.

"Polisi au mgeni?"

"Vyote viwili, bibi."

"Haiwezekani. Haya, ingia."

Ukuta wa bluu. Jiko. Chupa nyekundu yenye waridi. Nyidon alisimama katikati ya chumba alichokwisha kukitazama mara nane na kujua pa kukaa.

"Toa bakuli lako nikumiminie."

"Sina, bibi. Tunakunywa kwenye vikombe vya kituo."

"Hata wewe? Basi dunia imekwisha. Watu wanatembea kama ng'ombe, wanakunywa popote."

"Hata mimi na nani mwingine?"

Bibi alimimina chai kwenye kikombe cha mgeni, polepole, mpaka juu. 

Nyidon aliketi. "Nimekuja kwa sababu ya marehemu. Bakuli lake limeonekana kwenye filamu ya watu wa nje. Nitaandika kwamba mwezi wa kwanza, kabla hajafa, alizungumza na watu wenye kamera juu ya mjukuu wenu."

"Samphel?" Bibi aliweka birika chini. "Samphel azungumze? Mwanangu, yule mtu siku ya harusi aliitikia kwa kichwa. Ni mimi niliyesema."

"Bibi, nyamaza."

"Umeuliza."

"Sijauliza. Nimekueleza nitakachoandika." Nyidon aliinuka akafunga mlango, akarudi. Aliposema tena, alisema chini chini. "Mke hanywi kwenye bakuli la mume. Kila mtu anajua hivyo. Nilitegemea hivyo."

"Sasa ningefanyaje? Mgeni kaja kutoka mbali hana bakuli! Vikombe vya wageni vyote vilikuwa hekaluni, vilikwenda na matanga. Ningemnyima chai? Nikampa langu, mimi nikachukua la mzee. Nilimwomba radhi kwanza."

"Mgeni huyo simuulizii."

"Hata ungeniuliza nisingemtaja."

Ukutani palibandikwa karatasi yenye mhuri. Nyidon aliisoma bila kuigusa. Kibali cha kumchukua mwanafunzi Tsomo, miaka sita, likizo. Mchukuaji: bibi yake. Hakuna mwingine aliyeandikwa.

"Wazazi wake?"

"Wanajenga barabara huko mashariki. Mkataba wa miaka mitatu."

"Lini unamchukua?"

"Siku tisa zimebaki." Bibi alihesabu kwa vidole hivyo hivyo, kuhakikisha. "Usipofika mwenyewe hawamtoi. Mwaka jana kumi na mmoja walibaki bwenini. Mmoja wa jirani yangu hapa, aliporudi baadaye alimwamkia mama yake kama anavyomwamkia mwalimu. Mimi nimejifunza. Neno la maji nalijua sasa. Na la njaa, na la tumbo linauma. Maneno kumi na manne nimeyakariri."

Nyidon alitoa karatasi mbili akaziweka juu ya meza fupi, sambamba.

"Hii inasema ni wewe. Miaka saba, labda zaidi. Hii inasema ni yeye, na wewe mjane unathibitisha. Unasema alikosa. Unamkana."

"Namkana."

"Kwa kidole gumba."

"Na yeye watamfanya nini?"

"Jina lake halitasomwa tena hekaluni."

Maji yalichemka jikoni mpaka yakamwagikia moto. Bibi hakuyaangalia.

"Sala ya mwaka bado hajasomewa," alisema.

"Najua."

"Huko aendako ni gizagiza, wanasema. Mtu hupotea asipoitwa jina." Alivuta pumzi puani. "Basi. Maisha yake yote alitafuta yak waliopotea, na hakuna siku aliyorudi mikono mitupu. Njia ataiona mwenyewe. Mtoto wa miaka sita haioni. Lete wino."

Alikandamiza kidole kwa nguvu, kama anayeua mdudu, akakifuta kwenye aproni. Kisha akaingiza mkono kifuani mwake, akatoa bakuli pana lenye mishono mitatu, akalishika kitambo, akampa Nyidon.

"Lilipaswa kwenda hekaluni pamoja na vitu vyake, malama wa huko niliwaambia limepotea. Dhambi hiyo nayo uiandike popote pale." Akamnyooshea Nyidon kidole chenye wino. "Lakini usiandike kwamba alizungumza vizuri. Watu watacheka."

Nyidon alipofungua mlango kutoka, aliona msumari kwenye fremu ya nje, karibu na dirisha, na kipande cha kamba kikining'inia. Ukutani chini yake palikuwa na vumbi jekundu.

"Chungu cha marehemu kilitundikwa hapa?"

"Siku zote arobaini na tisa za matanga."

"Siku ya kamera kilikuwepo?"

"Ningekitoa? Marehemu angekula nini?"

Dakika ya thelathini na nne. Dirisha liko wazi, na nyuma ya bega la shahidi chungu chekundu kinapepesuka na upepo. Kwenye orodha ya wataalamu kilikuwa namba ishirini na sita. Chungu kile hutundikwa nyumba iliyofiwa tu, kikiwa na unga na siagi kidogo kwa ajili ya aliyeondoka. Ripoti yake ingemwonyesha marehemu ameketi kando ya jiko, anakunywa chai, huku chungu cha matanga yake mwenyewe kinaning'inia dirishani.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Karatasi ilikuwa imeshapigwa kidole. Alishuka mlima.

Tobgyal alikuwa amesimama kwenye lango la kituo.

"Mkuu anatungoja," alisema. "Sote wawili. Umepata chupa?"

"Nimepata."

"Hongera. Mimi nimepata nyumba mia moja na arobaini."

Mkuu Geng aliisoma ripoti mara mbili. Alilichukua bakuli, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye mishono. Kwenye kompyuta yake alifungua filamu dakika ya thelathini na moja akalinganisha, mshono kwa mshono.

"Ndilo," alisema. "Kazi nzuri. Lakini bakuli ni kitu. Kitu huazimwa. Kwa nini nisiseme ni mkewe aliyelishika?"

"Hawachangii bakuli, Mkuu. Mume na mke hawachangii, hata mama na mtoto."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Mkuu alimgeukia Tobgyal. "Kweli hiyo?"

"Mkuu, afadhali uniazime mswaki wako."

Mkuu Geng hakuonekana kufurahi, lakini aliandika. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Nyidon aliona anafuata orodha ya wataalamu kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, bila haraka. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Kalamu ikasimama.

"Namba ishirini na sita. Chungu, chekundu, kimetundikwa nje ya dirisha. Wameweka alama ya kuuliza." Alisogeza filamu mbele. Chungu kikatokea, kikapepesuka. "Kwa nini mtu atundike chungu nje?"

"Mkuu, hicho ni…"

"Nimemuuliza Sajini."

 Nyidon aliiweka mikono nyuma, ya kulia ikashika ya kushoto kwenye kifundo.

Tobgyal alijikuna shingo. Alisogea karibu na kioo, akainama, akakodoa macho kama mtu asiye na miwani. Mkuu alingoja. Chini uani gari la doria lilikuwa linarudi nyuma, likilia pii, pii, pii.

"Panya," alisema Tobgyal.

"Panya?"

"Kijiji cha juu, Mkuu, panya wana vyeo. Ukiacha unga ndani usiku, asubuhi wao ndio wenye nyumba, wewe mpangaji. Watu wanautia kwenye chungu, wananing'iniza nje. Mama yangu alifanya hivyo hivyo."

"Na kwa nini chekundu?"

"Panya hawapendi nyekundu."

Nyuma ya kiti cha Mkuu bendera nyekundu ilifunika nusu ya ukuta. Tobgyal aliiona baada ya kusema. Rangi ilimtoka usoni kuanzia paji, ikashuka. Mkuu Geng alimtazama kwa muda ambao gari la chini lilitosha kurudi nyuma, kusimama, na kuzima injini.

"Ushirikina," alisema hatimaye, akaandika neno moja kwenye mstari wa ishirini na sita. "Mjane ameshirikiana?"

"Amemkana, Mkuu," alisema Nyidon. "Kidole gumba hicho hapo."

"Basi nyumba yake ibaki safi. Jina la mzee lifutwe kwenye vitabu vya hekalu, uende wewe mwenyewe kesho usimamie." Aligeuza karatasi ikawaelekea. "Saini mbili. Mnajua kanuni. Ripoti ikionekana ya uongo, aliyetia saini anabeba adhabu ya shahidi."

Nyidon alitia saini. Tobgyal alipokea kalamu, akaijaribu kwenye ukucha kuona kama ina wino. Miaka saba kwake ingeishia kwenye sitini na mitatu, bila pensheni. Alitia saini kwa herufi kubwa za mtu aliyechelewa kusoma, akaomba ruhusa kwenda kula.

Korido ilikuwa ndefu, na katikati ya dari kamera iligeuka kushoto, ikatulia, ikageuka kulia. Ilikuwa inawatazama wao.

"Cheka," alisema Tobgyal bila kusogeza midomo. "Tumemaliza kazi. Cheka."

Nyidon alicheka. Tobgyal alimpiga kofi la begani, akacheka naye.

"Ulijua lini?" aliuliza Nyidon, meno nje.

"Siku ya kwanza, saa nne na robo. Samphel nilichunga naye nikiwa mtoto, yeye kijana. Bakuli lile lilipasukia utosini mwangu."

"Siku tatu hukusema."

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Kila ulipoinuka kwenda msalani nilidhani unakwenda kwa Mkuu. Siku tatu silali, Nyidon, kwa kukuogopa wewe."

"Mimi nilinunua chupa ya chai nisiyoihitaji kwa kukuogopa wewe."

Safari hii kicheko cha Tobgyal kilitoka chenyewe, kikamshtua mwenyewe. Akakikata.

"Na shemeji yako?" aliuliza Nyidon.

"Hilo usiniulize."

 Hatua tatu zaidi walizitembea bega kwa bega.

"Kesho faili linakwenda mkoani," alisema Nyidon. "Huko yuko nani wa kwetu?"

"Wawili."

"Wamewahi kufiwa?"

"Nani hajafiwa?"

"Mtoto anatoka baada ya siku tisa. Wakilifungua siku ya kumi, sawa. Wakilifungua kesho, wataona chungu."

"Wataona," alisema Tobgyal. "Halafu kila mmoja atamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, asubiri aseme."

Kamera ilianza kugeuka, polepole, ikawaacha, ikaelekea kwenye ngazi. Wote wawili waliacha kucheka kwa wakati mmoja.